Nang'olo wa Kwanza na Nang'olo wa Pili

Katika ghala lile la korosho pale Masasi, Huruma ndiye alikuwa mwanamke pekee aliyeendesha foklifti. Miaka sita aliikalia mashine ile, akiingiza uma zake chini ya mizigo, akiinyanyua na kuipanga mpaka karibu na dari, na vibarua walikuwa wakisema kwamba mkono wake ni mwepesi kuliko wa mama anayemlaza mtoto. Alikuwa mtu wa maneno machache. Lakini ukitaka kumwona akizungumza mpaka chai inapoa, basi mtajie ile filamu ya jitu la chuma, tena kaka yake Gasper awe karibu.

Filamu hiyo waliitazama Newala mwaka 2009, walipokuwa wakiishi kwa shangazi yao. Huruma alikuwa na miaka kumi na mitatu, Gasper kumi na saba. Banda la video lilikuwa la mabati, lina mabenchi na televisheni moja, na pembeni ya televisheni alikaa mtu aliyeitwa Awadhi, kipaza sauti mkononi. Filamu ikija kwa lugha ya kigeni, yeye alipunguza sauti ya televisheni na kuwasemea wahusika wote kwa Kiswahili: mzee, mtoto, jambazi, hata mbwa.

Katika filamu hiyo kulikuwa na dude lililotoka ziwani, kubwa kama mlima, likiyanywa maji ya miji ya watu. Kwa watu wa Newala, ambao walijua maana ya kutafuta ndoo moja ya maji tangu alfajiri, huo ulikuwa uovu usiohitaji maelezo. Ili kulizuia likaundwa jitu la chuma. Ndani yake walikaa watu saba: mmoja kila mguu, mmoja kila mkono, mmoja kifuani na wawili kichwani. Lisingeweza kupiga hatua mpaka wote saba wakubaliane, na mara nyingi hawakukubaliana. Lilikuwa zito, linainuka polepole, magoti yanalia. Awadhi akaliita Nang'olo, yaani mzee kwa Chimakonde, na tangu siku hiyo hakuna mtu Newala aliyelijua kwa jina jingine.

Palikuwa na sehemu moja ambayo Huruma hakuisahau. Nang'olo amepigwa, amepiga magoti kwenye mvua. Chuma kimembana yule mtu wa mguu wa kushoto na hawezi kutoka. Jitu halitikisiki, picha nzima imetulia. Ndipo yule mtu anasema kwa sauti ya chini, "Mimi huku chini sioni kitu. Nyie wenzangu huko juu mnaona nini?" Nao wanamwambia mmoja mmoja. Wa kichwani anaona milima na moshi. Wa mkono wa kulia anaona maji yakijaa kwenye kiganja cha chuma. Wa kifuani anasema haoni chochote, ila anawasikia wote. Wanaongea hivyo kwa muda mrefu, muda ambao hakuna filamu nyingine aliyoiona Huruma iliyothubutu kuutoa. Halafu Nang'olo anasimama.

Huruma alirudi kwa shangazi akiyarudia maneno yale njia nzima.

Ikapita miaka kumi na sita. Mwaka huu Gasper, ambaye siku hizi ni fundi wa bodaboda karibu na stendi ya Masasi, akamwita dada yake nyumbani kwake Jumapili baada ya misa. Alikuwa na flashi mkononi, na uso wa mtu aliyeficha zawadi mgongoni.

"Imetoka sehemu ya pili," alisema.

Wakakaa watatu: Gasper, mkewe Anastasia na Huruma. Huruma alishika glasi ya juisi na hakuinywa. Jitu jipya lilikuwa jembamba, linang'aa, na ndani yake alikaa msichana mmoja tu, amevaa glavu. Msichana akikunja ngumi, jitu linakunja ngumi. Akiruka, linaruka. Dude nalo halikuwa moja tena. Yalikuwa sita, yakaonekana yote tangu mwanzo, meno, mkia na makucha, mchana kweupe. Nang'olo wa zamani alionekana mara moja tu, amelala kwenye uwanja wa vyuma chakavu, nyasi zimeota kifuani pake.

Ilipokwisha, Gasper alipiga makofi. "Hii sasa ndiyo muvi."

"Halina uzito," alisema Huruma.

"Nini hakina uzito?"

"Hilo jitu lako. Mimi nikishusha tani moja na nusu, sakafu ya ghala inajua. Ukikaa ofisini unasikia kwenye kiti. Hilo limeruka kutoka juu ya ghorofa, likatua barabarani, na kibanda cha matunda pembeni hakikutikisika. Wa zamani alikuwa akipiga hatua moja, na mimi nilikuwa nahesabu pamoja naye."

"Ile ya zamani nusu yake imesimama tu," Gasper alisema. "Hii inakwenda."

"Kusimama ndiyo utamu wake."

Wakabishana mpaka Anastasia akatoa vyombo, akavirudisha safi, na kuwakuta wangali pale pale. Akasema, "Nyie mnabishania kitu mlichokiona mkiwa watoto. Itafuteni hiyo ya kwanza muitazame tena, tupumzike."

Neno hilo lilimwingia Huruma. Jumamosi iliyofuata, ghala likiwa limefungwa mapema, aliitafuta filamu ile mtandaoni, akaipata, akaketi kivulini nyuma ya nyumba yake na simu. Mazungumzo yalikuwa katika lugha ile ile ya kigeni, lakini safari hii kulikuwa na maandishi ya Kiingereza chini, nayo aliweza kuyafuata.

Kitu cha kwanza kilichomshangaza ni kwamba Nang'olo hakuwa mwepesi wala mzito. Alikuwa mashine tu. Wale watu saba hawakugombana kama alivyokumbuka. Walipeana amri fupifupi, kushoto, kulia, tayari. Huruma alisubiri mvua. Mvua ikaja. Jitu likapiga magoti. Yule mtu wa mguu wa kushoto akasema, "Mfumo wa kushoto umekufa, endeleeni," na jitu likasimama.

Akarudisha nyuma, akatazama tena huku akihesabu. Sekunde nne.

Aliirudisha mara tano. Milima haikuwapo. Maji kwenye kiganja hayakuwapo. Hakukuwa na mtu aliyemuuliza mwenzake anaona nini. Huruma aliweka simu chini akahisi kama mtu aliyekwenda kwenye nyumba aliyozaliwa, akakuta mlango uko upande mwingine. Hata hivyo hakuhuzunika. Kilichomshika ni hamu ya kujua. Maneno yale aliyasikia, tena kwa masikio yake. Yalitoka wapi?

"Labda wameikata," alimwambia Gasper kwa simu.

"Kamuulize Awadhi, kama bado yupo."

Awadhi, au Baba Zuhra kama wengi walivyomwita, alikuwapo. Shangazi alisema amehamia Mnyambe, kwenye mikorosho ya ukoo wa mkewe, na kwamba anatengeneza zile mashine za mgongoni za kupulizia dawa mikorosho. Huruma aliomba ruhusa ya siku moja kazini, akapanda basi la asubuhi la Newala, na kutoka Newala akachukua bodaboda mpaka Mnyambe. Dereva hakuhitaji kuelekezwa. Alikuwa na mashine yake mwenyewe kwa Awadhi, imekaa wiki ya pili.

Walimkuta barazani, mzee wa miaka kama sitini hivi, kofia kichwani, mikono ina mafuta mpaka kwenye viwiko, mashine tatu zimefunguliwa mbele yake.

"Shikamoo, Baba Zuhra."

"Marahaba, mwanangu. Mashine yako ina tatizo gani?"

"Sina mashine, baba. Nimekuja kuuliza habari ya Nang'olo."

Awadhi aliweka bisibisi chini. Akamwita mkewe ndani, "Mama Zuhra, tuletee maji, tuna mgeni wa zamani," ingawa hawakuwahi kujuana.

Huruma alimweleza yote, tangu benchi la mwaka ule mpaka zile sekunde nne. Alipofika kwenye maneno ya mtu wa mguu wa kushoto aliyasema yote kama alivyoyakumbuka, na midomo ya Awadhi ikawa inayafuata.

"Umeyashika vizuri kuliko mimi," alisema. "Sasa nikwambie. Ile filamu ililetwa na dereva wa lori. Lugha yake mimi sikuijua hata neno moja. Hakuna aliyeijua, toka Newala mpaka Mtwara. Kwa hiyo niliitazama mara sita bila sauti, nione nani anamkasirikia nani. Niliyoyasema pale ni ya kwangu."

"Yote?"

"Yote. Wale saba niliwafanya ndugu, ndiyo maana wanagombana."

"Na ile sehemu ya mvua?"

Awadhi akacheka kidogo, akijifuta mikono. "Ile CD ilikuwa na mkwaruzo, mwanangu. Ilikwama."

Huruma hakumwelewa mara moja.

"Ilikwama pale pale, jitu limepiga magoti. Nikabonyeza rimoti, haisogei. Watu wamejaa, wengine wametoka Kitangari kwa miguu. Nikiizima pale, inaanza upya, na nikianza upya, watu wataondoka. Mkono huu ukawa unaigonga deki taratibu, na huku nashika kipaza sauti. Ikabidi niseme kitu. Nikafikiri, huyu mtu yuko gizani ndani ya mguu wa chuma, atataka kujua nini? Atataka kujua huko nje kuna nini. Nikaanza hapo. Dakika saba, labda nane. Baadaye ikaachia yenyewe."

Mama Zuhra, jina lake Mwanakombo, alikuwa ameleta maji na kusimama mlangoni. "Alirudi nyumbani shati limelowa," alisema. "Nikadhani ana homa."

Huruma alikunywa maji yale yote. Alijaribu kukasirika akashindwa. Miaka kumi na sita alikuwa akiipigania sehemu ambayo haikutengenezwa na mtu yeyote katika nchi ile ya mbali, sehemu iliyotengenezwa na mkwaruzo pamoja na mtu aliyekuwa akiogopa aibu, hatua tatu kutoka alipokaa yeye. Alipompigia Gasper kumpa habari, upande wa pili kulisikika kicheko.

"Si nilikwambia imesimama? Mimi nilikuwa namwona anaigonga deki. Nilikaa upande ule. Ulidhani nasema nini siku zote?"

"Nilidhani unasema inakwenda polepole."

"Hapana. Nilisema imesimama."

Kumbe walikaa benchi moja, wakatazama filamu mbili.

Awadhi naye alikuwa na hamu yake. Aliuliza kama huyo Nang'olo wa pili anaweza kuonekana. Huruma alikuwa amebeba flashi. Wakaingia sebuleni, Awadhi akaichomeka kwenye televisheni, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuondoa sauti kabisa. Mwanakombo akaketi nao. Milipuko ikapita bila kishindo, majengo yakaanguka kama unga unaomwagwa. Mara kwa mara Awadhi alisema jambo, si kwa mtu yeyote. "Hapa wameharakisha." "Huyu msichana hana mtu wa kuzungumza naye." "Hapa wamejaza kila mahali, mtu ataweka wapi neno?"

Kisha akainua kidole. Dude moja, dogo kuliko mengine, lilikuwa limeinama kwenye mto uliokauka nusu, linakunywa. Halipigani, halingurumi. Koo lake linapanda na kushuka. Ndege mweupe akatua mgongoni pake, nalo likaendelea kunywa.

"Hapa sawa," alisema Awadhi. "Aliyetengeneza hapa hakuwa na mtu nyuma anamwambia fanya haraka."

Huruma hakukumbuka kuliona dude lile. Dakika hiyo, nyumbani kwa Gasper, alikuwa ameshakunja uso na kuandaa maneno ya kusema. Sasa aliliona, na lilimfanya asogee mbele kwenye kochi. Alitaka kujua lina kiu kiasi gani. Katika filamu ya kwanza hakuwahi kujiuliza hivyo.

Walipomaliza, Awadhi alisema angependa kuisemea hii, mara moja tu, aone kama koo bado lipo. Newala kuna kijana anaitwa Abdulatifu ana banda la kuoneshea mpira; Jumapili mchana halina watu. Ila kuna tatizo moja.

"Wale saba walikuwa wanaume. Huyu ni msichana, na yuko peke yake kwenye mashine. Sauti yangu ya kike watu waliicheka hata zamani. Mwenye sauti ni wewe."

"Mimi sijui kusema mbele za watu, baba."

"Mashine kubwa unaendesha?"

"Naendesha."

"Ukiwa unanyanyua mzigo mzito, unafikiria nini?"

Huruma hakuwahi kuulizwa. "Sifikirii. Nasikiliza," alisema. "Uma zikishaingia chini, kabla mzigo haujatoka sakafuni, mafuta yanalia kidogo kwenye mabomba. Mlio ule unakwambia mzigo umekubali au umekataa. Ukikataa, magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi. Unayasikia hapa," akagusa kiuno chake. "Ukinyanyua kwa nguvu hapo, mashine inakwenda na pua. Inabidi urudishe chini, uanze upya. Hata kama watu wanakupigia kelele."

Awadhi alimtazama mkewe, mkewe akamtazama yeye.

"Sema hivyo hivyo," alisema Awadhi.

Jumapili mbili baadaye walikuwa watu kama arobaini bandani kwa Abdulatifu. Wengine walikuwa watu wazima waliomkumbuka Awadhi, wengine wanafunzi waliokuja kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na hawakuwa na pa kwenda. Gasper alipanda kutoka Masasi na pikipiki ya mteja anayoijaribu, akaketi mbele kabisa.

Mwanzo ulikwenda vibaya. Filamu ilikuwa na mbio. Awadhi alikuwa bado na sentensi ya kwanza na wahusika walishahamia mji mwingine. Sauti yake ilikauka, akakohoa kwenye kipaza sauti, vijana watatu wakainuka wakaondoka. Huruma alikuwa ameshika kipaza sauti cha pili kwa mikono yote miwili. Alipofika mahali msichana anavaa glavu kwa mara ya kwanza, hakutoa neno. Awadhi akamgusa bega.

"Subiri," alisema Huruma. Sauti yake ilitoka kwenye spika kubwa, akaishtukia mwenyewe. "Subiri kidogo. Nalisikiliza kwanza."

Kwenye kioo jitu lilikuwa limeshasimama. Haikumzuia.

"Mafuta yanalia gotini. Limekubali. Sasa twende, lakini taratibu, mgongo bado mwepesi."

Jitu likaruka juu ya daraja, kama lilivyoruka siku ile sebuleni kwa Gasper. Lakini Huruma alipumua kwa shida kabla halijaruka, akashusha pumzi lilipotua, akasema, "Sakafu imejua," na mama mmoja kwenye benchi la pili akashika benchi. Huruma alimwona. Tangu hapo hakuogopa tena. Kila lilipoinua mkono, alisema mkono una uzito gani. Lilipoanguka, alisema limeegemea upande upi na kwa nini asilinyanyue kwa nguvu. Awadhi akawa yale madude, akawa mkuu wa jeshi, akawa mama wa msichana anayepiga simu wakati usiofaa, na wale wawili wakaanza kupokezana bila kutazamana. Palipokuwa na mbio mno, Awadhi aliacha zipite. Lilipofika dude linalokunywa maji, wote wawili walinyamaza. Bandani ilisikika mvua juu ya mabati.

Filamu ilipokwisha watu hawakupiga makofi sana. Wengine walikuwa wanawahi shamba, wengine walitaka kujua kama mpira wa jioni utaoneshwa. Gasper alikuja akamshika dada yake mkono.

"Kwangu mimi ilikuwa nzuri zaidi nyumbani," alisema. "Milipuko ilisikika."

"Najua."

"Lakini pale darajani nilikaza miguu. Sijui kwa nini."

Akatoka kwenda kuikagua pikipiki ya watu. Awadhi alikuwa amezungukwa na wazee wenzake, anakunywa maji ya moto aliyoletewa na Mwanakombo kwenye chupa. Huruma alibaki akikunja waya za vipaza sauti, na hapo akamwona msichana wa sare ya shule, kumi na tano hivi, amesimama mlangoni hajaamua kuondoka.

"Unaitwa nani?"

"Witness. Dada, hii ndiyo filamu nzuri kuliko zote nilizowahi kuona."

"Ya kwanza uliiona?"

"Sijaiona. Ilitoka nikiwa bado sijazaliwa, au nilikuwa mdogo sana."

Maneno yalimjaa Huruma mdomoni. Saba ndani ya jitu moja, magoti, mvua, mnaona nini huko juu. Akayameza. Alisogeza benchi kwa mguu, akaketi, akamwonesha msichana nafasi pembeni yake.

"Ulipenda wapi?"

Witness aliketi. "Pale msichana alipovua glavu moja ili apokee simu ya mama yake, jitu nalo mkono wake mmoja ukalegea. Dude likapita upande huo, likautazama ule mkono, likaunusa. Halikuuma. Likaenda."

Huruma aliitazama filamu hiyo mara tatu, mojawapo akiisemea. Tukio hilo hakuliona.

"Likanusa?"

"Likanusa, dada. Kama ng'ombe anavyonusa mtu asiyemjua. Kwa nini halikuuma?"

"Sijui," alisema Huruma. "Abdulatifu, usiitoe hiyo flashi. Turudishie hapo kidogo."